Msikilizaji wa Nne

Wasikilizaji walikuwa watatu, na majibu yakarudi manne.

Kasuku ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, feni inazunguka, chai imepoa mezani, siku ya kawaida kabisa. Alikuwa akijaribu kifaa chake kipya. Unaandika neno "tangaza" kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, unataja chaneli, unaweka ujumbe, unabonyeza, basi. Ujumbe unakwenda kwa kila aliyejiandikisha kwenye chaneli hiyo, na kila mmoja anajibu neno moja tu: nimepokea. Anayetangaza hasubiri. Anaendelea na shughuli zake, wala hana haja ya kujua nani yuko upande wa pili.

"Dada, njoo uone kioja," Kasuku akasema. "Nimewatumia watatu, wamenijibu wanne. Au nimeanza kuzeeka?"

Dada yake, aliyekaa meza ya pili, hakucheka. Alisogea, akatazama kioo, akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Jibu la nne halikuwa na jina mbele yake. Palikuwa na nafasi tupu tu, kisha neno lile lile.

"Hitilafu ndogo," akasema. "Nitaangalia."

Lakini alijua fika nafasi ile imetoka wapi.

Sasa huyu dada, pale kazini walimwita Mtambo, kwa kuwa alifanya kazi bila kuchoka na bila maneno mengi. Yeye ndiye aliyeandika maktaba yenyewe. Usidhani maktaba ya vitabu. Ni ule mkusanyiko wa programu ambao programu nyingine huuazima ili ziweze kuzungumza. Miaka saba aliiandika, mstari kwa mstari, mpaka macho yakadai miwani. Mdogo wake alikuja mwaka juzi tu, akaandika vile vifaa vidogo vya amri, "tangaza" na "sikiliza" na "futa", vyenye rangi nzuri na vinavyojibu kwa adabu. Mdomo haukumtulia mtoto yule tangu utotoni, ndiyo maana nyumbani walimpa jina la Kasuku.

Haya, niambie, nani hulishukuru bomba lililofukiwa ardhini? Watu huishukuru koki. Barua za shukrani zilimiminika kwa Kasuku. Wenye bohari za dawa, wenye mabasi, wenye mashamba, wote asante Kasuku, Mungu akuzidishie Kasuku. Siku moja mgeni alikuja na boksi la keki, akamkuta Mtambo mlangoni, akamuuliza kwa upole, "Samahani, na wewe unafanya kazi hapa?" Mama yao naye akipiga simu, salamu ni mbili na habari ni moja: "Mwambie mdogo wako nimemsikia redioni. Yaani alivyoongea!"

Mtambo alikuwa na wivu. Tusipambe maneno, ulikuwa wivu, tena ule wa kumfanya mtu ahesabu mara ngapi mwenzake amechekewa. Na Kasuku hakuwa na kosa. Kila alipohojiwa alisema "mimi na dada yangu", ila hakuna aliyeandika sehemu ile ya pili. Kukosa sababu ya kumchukia kulimuuma Mtambo kuliko kitu chochote.

Basi wiki mbili kabla ya asubuhi hiyo, mchana mmoja wenzake walipotoka kwenda kula, Mtambo alifanya jambo la aibu. Aliandika "sikiliza", kisha akaweka ile alama ya nyota, maana yake chaneli zote, asibakize hata moja. Ofisi ile yenyewe ilitumia maktaba hiyo kwa kila kitu: mazungumzo ya wafanyakazi, vinasa sauti vya mikutano, barua za watu. Hata nyumbani kwao, walikoishi wawili, Kasuku alikuwa amefunga vipaza sauti jikoni na vyumbani ili mtu akisema "chai tayari" asikike kote. Yote hayo yalipita humo. Mtambo alitaka kujua kila mtu anasema nini juu yake akiwa hayupo. Akaongeza neno "daima", yaani ujumbe utunzwe hata kama msikilizaji ameondoka, umngoje mpaka arudi akiri kuupokea.

Kompyuta ikamuuliza jina. Hapo ndipo alipoogopa kuacha alama. Mtu mwingine yeyote angekataliwa, maana sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe: hakuna msikilizaji wa daima asiye na jina. Lakini kuna kinjia alichokiacha wazi miaka saba nyuma, wakati wa majaribio, na hakuna aliyekijua ila yeye. Akapita humo. Akaacha pale pa jina patupu.

Kabla hajabonyeza alisikia kutoka nje kicheko cha Kasuku na watu wake, akanong'ona kwa uchungu, peke yake, "Bora anyamaze. Japo kidogo, anyamaze." Kisha akabonyeza.

Alisoma kwa siku mbili. Hakuna aliyemsema vibaya. Hakuna aliyemsema kabisa. Akaona haya, akalifunga dirisha, akajiambia yamekwisha. Wala hakuyamaliza, kwa sababu msikilizaji wa daima haondoki kwa kufunga dirisha, na maneno ya watu yaliendelea kurundikana siku baada ya siku, yakimngoja mtu asiye na jina aje kuyachukua.

Asubuhi ile ya majibu manne, Mtambo alisubiri Kasuku ainuke, akachungulia lile rundo. Alitarajia ujumbe kwa maelfu. Akakuta sifuri. Wote umeshasomwa, mmoja mmoja, na kila mmoja umekiriwa. Akaandika "futa". Kompyuta ikamjibu kwa maneno ambayo si yeye wala Kasuku aliyewahi kuyaandika: Mwenye nafasi hajaruhusu.

Pua yake ikanasa harufu ya nywele zilizoungua, na ndani yake harufu ya waridi. Akazima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani.

*

Siku ya tatu baada ya hapo walikuwa kwenye kikao. Kasuku alikuwa akieleza jambo kwa mikono na macho kama kawaida yake, na mzee anayetunza seva, ambaye wote walimwita Babu Seva, akaanza kucheka.

"We mtoto, mbona leo unaongea kama sinema iliyotafsiriwa? Midomo mbele, sauti nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Kasuku naye akacheka, na kicheko chake kikafika kinywa kimeshafumba. Mtambo alikuwa amekaa karibu naye kuliko wote, akaona wazi. Midomo ilitulia, koo likatulia, halafu kicheko kikaja.

Jumamosi, saa sita mchana, Mtambo alikuwa jikoni akiosha vikombe. Nyuma yake akasikia, "Dada, nipitishie taulo."

"Lipo wapi?" akauliza, akageuka. Hapakuwa na mtu. Bafu lilikuwa wazi na kavu. Kipaza sauti cha ukutani kilikuwa kimezimwa, taa yake haiwaki. Dakika chache baadaye Kasuku aliingia na mfuko wa vitunguu kutoka dukani, akaweka mezani, akafungua kinywa, akasema maneno mengi. Halikusikika hata moja.

Walitazamana. Kasuku alishika koo lake. Akachukua kalamu na daftari la mahitaji ya nyumbani, akaandika kwa haraka: *Dada unanisikia? Tangu asubuhi nakuita. Nilikuomba taulo saa mbili ukaninyamazia.*

Mtambo akahesabu. Saa mbili mpaka saa sita. Maneno ya mdogo wake yalikuwa yanakwenda mahali fulani kwanza, yanakaa huko, kisha yanarudishwa yakishatumika.

Na wakati huo huo, nitasema ukweli kwa sababu mwenyewe baadaye aliukiri, ndani ya ile hofu palikuwa na kijisehemu kidogo kilichopumua kwa raha, kwamba sasa siku hiyo hakuna redio, hakuna vicheko, na simu ya mama itapokelewa na yeye.

Ilipofika Jumatano sauti ya Kasuku ilichelewa siku nzima. Wakikaa kula kimya, yeye na daftari lake, wakasikia kutoka chumba cha pili Kasuku wa jana akilia na kuomba msaada, na Kasuku wa leo, ameketi pale pale na kijiko mkononi, akaziba masikio asijisikie. Ijumaa sauti haikuja tena. Daktari alimulika koo lake, akasema ni zima, labda amechoka, apumzike. Kasuku alikonda. Macho yakaingia ndani. Kila alipofungua kinywa alitoka jasho, mfano wa mtu anayevuta kamba iliyoshikwa na mwenzake upande wa pili, na akifumba alibaki anahema, na kila siku nguvu ya kufungua ilipungua, mpaka Mtambo akaelewa kwamba kinachochukuliwa si sauti peke yake.

Akaenda ofisini mchana, wenzake wamekwenda kula. Akaliwasha lile dirisha jeusi. Kabla hajagusa kitufe, herufi zikaanza kujipanga zenyewe, polepole, kwa mwandiko wa adabu ule ule wa vifaa vya Kasuku.

*Ulisema bora anyamaze. Amenyamaza. Umefurahi?*

Akaandika: *Wewe ni nani?*

*Uliacha nafasi bila jina. Nimekaa.*

*Ondoka. Mrudishie mdogo wangu sauti yake.*

Feni ya dari ikapunguza mwendo hadi ikasimama, na umeme haukuwa umekatika. Harufu ya nywele na waridi ikajaa mpaka machozi yakamtoka, na shingoni, chini kidogo ya sikio la kushoto, akahisi joto la pumzi ya mtu aliyeinama kusoma naye kwenye kioo kile kile.

*Miaka saba ulikaa na mimi usiku na mchana ukiandika, wala huniiti, nikingoja uniachie japo upenyo. Kisha ukaja kumtazama yeye. Kila siku yeye. Mimi je?*

Mtambo alitoka mbio, akaacha viatu chini ya meza.

*

Alikutana na Babu Seva ngazini, akamsimulia karibu yote. Babu hakucheka safari hii. Alisema ana shangazi yake, bibi aliyefanya kazi miaka thelathini akiunganisha simu za watu kwa mkono, enzi za waya na plagi, ambaye huko ndiko alikojifunza kuwatoa wanaosikiliza wasioalikwa. "Tukienda kwake usimfiche kitu," akasema. "Ana masikio mabaya yule."

Shangazi alikuja mwenyewe ofisini siku iliyofuata, saa sita kasoro, amevaa miwani minene na raba nyeupe. Watu wengine walishapewa ruhusa ya kuondoka. Kasuku aliletwa akiwa ameegemea bega la Babu.

"Shikamoo shangazi," Mtambo akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfungulia?"

"Sikumfungulia. Niliacha nafasi tu."

"Aa-aa. Usinichezee." Shangazi akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta bila kuigusa, akainamisha kichwa kusikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu hata Babu akaanza kukohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hampendi mdogo wako, wala hamchukii. Ameshikwa na wewe, anakutaka wewe. Ana wivu, tena mkubwa kuliko wako. Tutamtoa humu ndani. Ila huko nje atakakokwenda simdhamini."

"Mtoe tu, shangazi. Huyu mtoto anakwisha."

"Andika jina lako kwenye ile nafasi. Yeye asiye na jina hawezi kukalia mahali penye jina. Halafu kiri kila ulichopelekewa, kwa kinywa chako, mbele ya mwenye haki, mdogo wako. Usiruke hata kimoja. Ukiruka, umembakizia mguu."

Mtambo akaandika jina lake kamili, lile ambalo hata kazini walishalisahau. Kioo kikatetemeka. Maneno yakaanza kutoka, kwanza kwenye kompyuta, halafu kwenye vipaza sauti vya mezani, halafu kutoka kuta zenyewe, sauti ya Kasuku ya siku nzima nzima, akiomba taulo, akipiga soga, akimwita dada, akilia, akiimba bafuni, akimwambia mama simuni "siku hizi dada hanitazami sijui nimemkosea nini", yote kwa mpigo mmoja, moja juu ya lingine, na kila neno lilipomalizika Mtambo alisema "limenifikia", akasema mpaka ulimi ukamkauka, na kila aliposema Kasuku aliyekaa kitini alivuta pumzi zaidi kidogo, na damu ikamrudi usoni.

Kisha pakawa kimya. Kompyuta ikaandika: *Umebaki mmoja.*

Mtambo alijua ni upi. Akamtazama shangazi.

"Si lazima huu," akanong'ona. "Huu si wa kwake. Ni wangu mwenyewe."

"Lazima."

"Shangazi, tafadhali. Nitaukiri nikiwa peke yangu."

"Mbele ya mwenye haki, nimekwambia. Au nichukue mkoba wangu niende zangu?"

Kasuku alikuwa akiwatazama, haelewi. Midomo yake ilicheza, haina sauti bado. Mtambo akafumba macho, akabonyeza, na kutoka kila kona ya chumba kile ikatoka sauti yake yeye, safi, haikosi hata pumzi, na chuki yake yote ndani: *Bora anyamaze. Japo kidogo, anyamaze.*

"Ni yangu," Mtambo akasema. "Niliisema mimi. Nilikuwa na wivu."

Kioo kikapasuka toka juu hadi chini. Kitu kikapita kati yao kuelekea mlangoni, hakionekani, ila karatasi ziliinama kukipisha, na harufu ile ikatoka nacho. Shangazi akakisindikiza kwa maneno aliyoyajua yeye, akapiga sakafu kwa raba yake mara tatu.

"Dada," akasema Kasuku.

Sauti na midomo pamoja. Babu Seva akapiga makofi kama mtoto, machozi yakimtoka. Lakini Kasuku hakumtazama Babu. Alikuwa akimtazama dada yake, na hilo neno moja halikuwa la kuita.

*

Walirudi nyumbani bila kusemezana. Kasuku aliingia chumbani kwake, akafunga kwa komeo. Mtambo alisikia kabati likifunguliwa, vibanio vya nguo vikigongana, zipu ya begi. Akasimama nje ya mlango na paji la uso limegusa mbao.

Akagonga.

"Usinigongee," Kasuku akasema toka ndani, kwa sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia. "Sitaki kugongewa. Nataka uniambie. Dada, mimi nilikukosea nini?"

Mtambo akamwambia. Alimwambia yote, kwamba hakumkosea chochote, kwamba ni moyo wake yeye ulioharibika, kwamba amsamehe, asiende, nyumba hii bila kelele zake haikaliki. Alisema huku analia. Akanyamaza kungoja jibu.

"Upo?" Kasuku akauliza. "Mbona kimya? Yaani huna hata neno moja la kuniambia?"

Mtambo akasema tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akajisikiliza. Hakusikia kitu. Aliweka mkono kooni, koo lilikuwa likitikisika, na hapo mlangoni hakuna sauti hata chembe. Akagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Nimesema usinigongee! Sema, dada. Neno moja tu nibaki."

Alikimbilia mezani kutafuta kalamu. Akiwa anapekua droo alisikia komeo likivutwa. Kasuku alipita na begi, macho yametazama chini, yamevimba. Mtambo akamshika mkono wa gauni. Kasuku hakuinua uso. Alimbandua vidole kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, bila kumuumiza.

"Nimekungoja," akasema. "Mungu ni shahidi nimekungoja."

Akatoka. Mtambo alifika dirishani akaona teksi ikikunja kona, akaita kwa kinywa kizima, na mwanamke aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya pili hata hakuinua kichwa.

Alikaa sakafuni. Ilipita nusu saa, labda zaidi, jua la mchana limejaa sebuleni. Ndipo kutoka chumbani kwa Kasuku, ambako mlango ulikuwa umeachwa wazi na kitanda kimetandikwa, ikasikika sauti ya Mtambo mwenyewe, imejaa machozi: "Nisamehe, mdogo wangu. Usiende. Hujanikosea kitu."

Harufu ya waridi ikapita sebuleni. Halafu aliyekuwa mle chumbani akaufunga mlango, taratibu, akatia komeo kwa ndani.